Maandishi ya Jikoni: Uhakiki wa Maelezo ya Uji na Nafaka Mpya za Asubuhi

Si desturi ya jarida letu kuhakiki mfuko wa unga. Kurasa hizi zimezoea tamthilia, tenzi na riwaya, na yupo msomaji atakayeuliza kwa nini safari hii tumeyaacha hayo tukaingia jikoni. Jibu letu ni kwamba hapa Nengo, katika mji wa Gisenyi wilayani Rubavu, maandishi ya Kiswahili yanayoingia majumbani mwa watu aghalabu si riwaya. Ni yale yaliyopigwa chapa nyuma ya mifuko ya unga wa uji na makasha ya nafaka za asubuhi yatokayo nchi jirani, pamoja na karatasi za mapishi zinazopita mkono kwa mkono. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Kabla ya hapo kilikuwapo hapa kwa miaka mingi, lakini kilikuwa cha sokoni, cha gereji na cha mpakani, sisi tuvukapo kwenda Goma na watu wa Goma wavukapo kuja kwetu. Kilisemwa sana, kilisomwa kidogo. Basi mama ageuzapo mfuko wa unga akakuta aya ya Kiswahili, huenda aya hiyo ndiyo ya kwanza aliyopata kuisoma kwa haja yake mwenyewe, wala si kwa ajili ya mtihani. Ikimpotosha atahamia aya ya Kiingereza iliyo kando yake, nasi tutakuwa tumempoteza msomaji.

Kanuni yetu ya uhakiki ilikuwa moja. Kwa majuma matatu, walimu wanne tulipika kwa kuyafuata maandishi kama yalivyo, tukiuweka kando ujuzi tuliofunzwa na mama zetu. Maandishi yasiposema koroga, hatukukoroga. Yasiposema epua, sufuria ilibaki motoni. Hatukufanya hivyo kwa dhihaka. Shairi baya laweza kutetewa na mtungaji wake hata miaka hamsini, lakini maelezo mabaya ya uji hayana wakili, kwani madonge huonekana bakulini.

Na madonge tuliyaona. Kosa lililotukuta mara nyingi zaidi ni lile la kuamuru unga utiwe mkavu katika maji yanayochemka. Kila mpishi ajua kwamba unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi kidogo mpaka uwe rojo, ndipo rojo hiyo imiminwe katika maji ya moto huku mwiko ukizunguka. Unga mkavu ukidondoka katika maji yatokotayo, sehemu ya nje ya kila fumba huiva papo hapo ikawa kama ngozi, na maji hayafiki tena ndani. Hatudhani kwamba wenye viwanda hawalijui jambo hili. Tunadhani kwamba hatua ya kwanza ilipotea katika kufasiri, kwa sababu Kiswahili cha mfasiri kina kitenzi kimoja tu cha jikoni, nacho ni "changanya". Unga na maji baridi huchanganywa, rojo na maji ya moto huchanganywa, sukari huchanganywa, maziwa nayo huchanganywa. Ikiwa kila tendo lina jina moja, msomaji atajuaje kwamba matendo ni manne?

Hapa ndipo lawama yetu ilipo nzito. Lugha hii haina upungufu wa vitenzi vya jikoni. Unga huchekechwa, rojo hukorogwa, maji humiminwa, chumvi hunyunyizwa, ugali husongwa, kinyunya hukandwa. Sufuria huteleka mtu, kisha akaiepua. Hapana haja ya kuandika kwamba sufuria iwekwe juu ya moto na baadaye iondolewe juu ya moto, kama yafanyavyo makasha matatu kati ya tuliyoyasoma. Kiko kuchemka, na kiko kutokota, ambako mapovu hupanda na kupasuka mfululizo, na uji hutaka huko kwa pili. Mwanafunzi wetu wa Nengo anayesema gukaranga kwao hana safari ndefu kufika kwenye kukaanga. Vitenzi hivi ndivyo ambavyo angevishika upesi, na ndivyo alivyonyimwa.

Kosa jingine lilitutia hofu zaidi, maana halimaliziki kwa madonge. Mfuko mmoja wa unga wa watoto, ambao hatuutaji jina, umeandika kuhusu umri maneno mawili na tarakimu moja: "kwa miezi 6". Kusudi lilikuwa kusema kwamba uji huo ni wa mtoto aliyekwisha timiza miezi 6, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka umri huo. Lakini "kwa miezi 6" kwa Kiswahili ni muda wa kutenda jambo. Katika darasa letu la jioni la watu wazima tuliwapa wanafunzi mfuko huo wausome, na baadhi yao wakaeleza bila kusita kwamba mtoto atapewa uji huo muda wa nusu mwaka, kuanzia siku yoyote mzazi atakayo. Walisoma sawasawa, mwandishi ndiye aliyeandika visivyo. Neno "kuanzia" lingetosha.

Tuje kwenye saa. Nengo iko juu ya ufuko wa Ziwa Kivu, na uso wa ziwa lenyewe uko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, wala si 100 kama ilivyo Mombasa au Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba maji yachemkayo kwetu yana moto mdogo kuliko yachemkayo pwani, na chakula huchelewa kuiva. Mfuko ulioamuru dakika 5 ulitupa uji wenye ladha ya unga mbichi. Tulipofikisha dakika 15 ladha hiyo ikatoweka. Hatusemi kiwanda kipige chapa mfuko wa kila mji. Twasema kwamba maelezo yanayotaja dakika bila kutaja dalili ni maelezo yenye upofu. Karatasi za mapishi za nyumbani, zilizoandikwa kwa penseli na mara nyingine kwa tahajia ya kukisia, zilitushinda sote hapa. Hazikutaja dakika hata moja. Moja ilitaka mpishi akoroge mpaka harufu ya unga iishe. Nyingine, mpaka uji uanze kung'aa na kushika mgongo wa mwiko. Kwa dalili hizo mtu atapika vema Nengo, na atapika vema Tanga.

Karatasi moja ya namna hiyo yastahili kutajwa peke yake. Ilieleza uji wa mtama, ambao kwa Kinyarwanda ni amasaka, uliolegezwa kwa kimea. Uji hupikwa mzito kupita kiasi, huepuliwa, huachwa upoe mpaka uvumilike kwa kidole, ndipo hutiwa kijiko cha unga wa mtama ulioloweshwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Katika muda mfupi uji ule mzito hulegea mbele ya macho, kwa kuwa kimea huvunjavunja wanga. Kisha hurudishwa motoni uchemke tena. Faida yake ni kubwa kwa mtoto mwenye tumbo dogo: anapata unga mwingi zaidi katika vijiko vichache, pasipo uji kumkwama kooni. Mwandishi wa karatasi hakutoa sababu hata moja, lakini mpangilio wa hatua zake haukuwa na pengo. Tuliifuata tukafanikiwa mara ya kwanza.

Sasa nafaka za makasha. Jina lenyewe "nafaka za kifungua kinywa" limetusumbua. Kwa Mswahili nafaka ni mtama, mahindi au mpunga ulio ghalani au guniani. Hakuna amiminiaye maziwa nafaka. "Kifungua kinywa" hatuna ugomvi nacho. Staftahi nalo limetoka katika Kiarabu, kwenye shina la kufungua, na Kinyarwanda kina ifunguro, mlo, kutokana na gufungura, ambalo ni kufungua na pia ni kula kwa heshima. Mwalimu anaweza kufanya somo zima kwa neno hilo moja. Lakini kile kitu kilichomo ndani ya kasha, kile kibapa kikavu cha hindi kinacholia meno yakikiuma, hakijapata jina, na watu husema konfleksi.

Historia ya vibapa hivyo hujulikana. Mwaka 1894, huko Battle Creek, Michigan, nchini Marekani, daktari John Harvey Kellogg na ndugu yake Will Keith Kellogg walipata njia ya kuipika ngano, kuibana kati ya rola na kuikausha kwa moto. Baadaye wakafanya hivyo kwa mahindi, na mwaka 1906 Will akaanzisha kampuni yake. Lakini watu wa pwani yetu wana pepeta: mpunga mchanga hukaangwa, hutwangwa ungali na moto, ukawa bapa, kisha ukapepetwa makapi yakaondoka. Huliwa hivyo hivyo, au kwa nazi na sukari. Kazi ni ile ile, kupika, kubana na kukausha, ila kinu kimeshika nafasi ya rola. Kwa nini basi pasiwe na "pepeta za mahindi" na "pepeta za ngano"? Na ule mchele uliofutuliwa kwa moto, kwa nini usiitwe "bisi za mchele", hali bisi za mahindi twazijua tangu utoto? Tunapendekeza majina haya kwa walimu wenzetu, tukijua kwamba wapo watakaoona pepeta ni neno la watu wa pwani mno.

Kuhusu shayiri hatupendekezi, twakanusha. Makasha mawili ya oti yameandikwa kwamba ndani yake mna shayiri. Shayiri ni nafaka nyingine, ndiyo ya ile mikate mitano ya Injili ya Yohana, na aliyeambiwa na daktari ale moja atakuwa amenunua nyingine. Tofauti ya ulezi na wimbi ni ya namna nyingine, kwa kuwa hapo nafaka ni moja kwa majina mawili, na Kenya hupenda lile la pili. Mwanafunzi mmoja wetu alitaka kujua uji wa wimbi huchotwaje ziwani, na mwenzake akadhani uji wa ulezi ni ule anaopewa mlezi. Tuliyafurahia maswali yote mawili.

Ama kwa ladha, tutasema kwa ufupi. Pepeta za mahindi ni nzuri zikiwa kavu. Kasha lilituagiza tumimine maziwa baridi, lakini nyumba nyingi za hapa huchemsha maziwa asubuhi na kuyanywa ya moto, na katika maziwa ya moto zililowa kabla kijiko hakijafika kinywani. Tulizijaribu kwa ikivuguto, yaani maziwa mgando ya kwetu, mazito na yenye uchachu, nazo zikastahimili mpaka mwisho. Hicho ndicho chakula kipya tulichokipenda kuliko vyote. Biskuti za ngano za Weetabix, zilizoanza Uingereza mwaka 1932 na ambazo Kenya nayo huzitengeneza, hazidhuriki na maziwa ya moto, maana kulainika ndiko kazi yake. Twakiri kwamba makasha mengi huongezwa madini na vitamini, na si haki kuyabeza. Hata hivyo, bei ya kasha moja lililotumalizikia kwa asubuhi mbili ilitosha unga wa uji wa juma zima. Unga huo ni ule wa soya, mtama na mahindi uitwao Sosoma, ambao jina lake limeungwa kwa silabi za mwanzo za majina ya mazao hayo matatu katika lugha za kigeni. Hilo ni jina la kiwanda lililokwisha kuwa neno la watu, na maelezo yoyote ya mapishi yangefurahia bahati hiyo.

Baada ya majaribio hayo tuliandika maelezo yetu ya uji huo, tukawapa wanafunzi wa kidato cha pili wayapike kwao bila msaada. Haya hapa, kwa watakaopenda kuyatumia darasani:

Teleka vikombe vitatu vya maji. Wakati yanapata moto, tia vijiko vinane vya unga katika bakuli, ongeza kikombe kimoja cha maji baridi kidogo kidogo, ukoroge mpaka iwe rojo isiyo na donge. Maji yakitokota, mimina rojo polepole kwa mkono mmoja na ukoroge kwa mkono wa pili. Punguza moto. Endelea kukoroga mpaka harufu ya unga iishe na uji ushike mgongo wa mwiko. Hapa Nengo huchukua dakika 15 hivi. Tia chumvi kidogo, na sukari ukipenda. Epua.

Walimu walio pwani, au penginepo chini ya mwinuko wetu, waanze kunusa sufuria mapema zaidi ya dakika hizo.