Umbo Linalokataa Kuvunjika: Jinsi GeoGebra Ilivyojengwa

Nyenzo nyingi za hisabati mtandaoni humvuta mwanafunzi kwa vitu ambavyo si hisabati. Akipata jibu anapewa nyota, akikosa anasikia mlio, akimaliza ngazi moja anafunguliwa nyingine. Mtoto hujituma kweli, lakini anazitumikia nyota. Zikiondolewa, hamu yote inaondoka nazo. GeoGebra, programu ya hisabati, ilipita njia nyingine. Kinachomvuta mwanafunzi humo ni umbo lenyewe, linavyosogea na linavyokataa kusogea. Inafaa kuifungua tuone imeundwaje, kwa sababu maamuzi ya waundaji wake yanatufundisha ni kitu gani hasa humfanya mwanafunzi ang'ang'anie swali.

Kazi ya kuiunda ilianza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, ambako Markus Hohenwarter aliianza kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamili. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Ulaya ya programu za kitaaluma. Programu za kuchora jometri na kuburuta maumbo zilikuwapo tayari: Cabri ilizaliwa Grenoble, Ufaransa, katika miaka ya 1980, na Geometer's Sketchpad ikatoka Marekani mwaka 1991. Hohenwarter aliongeza mambo mawili makubwa: aliifungamanisha jometri na aljebra katika skrini moja, na akaitoa programu bure kwa walimu na wanafunzi.

Tuanze na mtambo wa ndani. Kila kitu unachochora humo hubeba kumbukumbu ya namna kilivyoundwa. Nukta uliyoiweka popote ulipopenda ni huru. Nukta ya katikati ya mstari AB si huru: ipo pale kwa sababu A na B zipo zilipo. Ukiburuta A, programu inapitia vyote vinavyoitegemea A, kimoja baada ya kingine kwa mpangilio uleule uliovijenga, na kuvikokotoa upya. Kazi hiyo inafanyika haraka kiasi kwamba jicho linaona mwendo mmoja usiokatika.

Chukua kanuni ya pembe ndani ya nusuduara, ambayo wanafunzi wa sekondari hukutana nayo katika mada ya duara. Mwanafunzi anachora mstari AB, anatafuta nukta yake ya katikati, O, kisha anachora duara lenye kitovu O linalopita A. Anaweka nukta C juu ya duara, anaiunganisha na A na B, kisha anapima pembe iliyo C. Skrini inaandika nyuzi 90. Anaiburuta C kulia, kushoto, karibu kabisa na A: bado 90. Anaiburuta A, duara linatanuka na kila kitu kinahama: bado 90. Hapo hakuna aliyempongeza, lakini swali limeshamkaa kichwani: kwa nini haibadiliki?

Sasa mtazame jirani yake aliyekwenda haraka. Yeye hakuiambia programu kwamba C iwe juu ya duara. Aliiweka kwa macho, jirani kabisa na duara. Kwa kutazama tu, michoro yote miwili inafanana. Anapoiburuta A ndipo mambo yanapoharibika: duara linabadilika, C inabaki peke yake nje au ndani ya duara, na pembe inakuwa 84 au 97. Mwalimu hajasema neno, lakini mwanafunzi ameona mwenyewe tofauti kati ya kuchora kitu kinachofanana na kanuni na kujenga kitu kinachoifuata kanuni. Karatasi haina uwezo wa kumwonyesha hilo, kwa kuwa mchoro wa karatasi hausogei. Kwangu mimi huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote katika programu hii: kosa linajidhihirisha kwa tabia ya umbo, bila alama ya mkasi na bila aibu mbele ya darasa.

Uamuzi wa pili ni ule wa kufungamanisha mchoro na mlinganyo. Andika y = 2x + 1 na mstari unatokea. Usukume mstari huo juu kidogo, na mlinganyo unabadilika hapohapo: ile 1 inaongezeka, lakini 2 haiguswi. Mwanafunzi anagundua kwa mkono wake kwamba 2 inabeba mteremko na 1 inasema mstari unakatia wapi mhimili wa y. Halafu andika y = ax². Programu inajitengenezea kitelezi cha a, yaani mstari mfupi wenye nukta ya kusukuma kwa kidole. Ipeleke kutoka 3 kuelekea −3. Mkunjo unapanuka taratibu, unalala kuwa mstari mnyoofu a inapofika sifuri, kisha unageuka kutazama chini. Grafu ambayo darasani huchukua kipindi kizima kwa rula na jedwali la thamani inakuwa familia nzima ya grafu ndani ya nusu dakika.

Hata hivyo, urahisi huo una hatari yake. Kwanza, kipimo si uthibitisho. Nyuzi 90 za kwenye skrini ni namba iliyokokotolewa na kukadiriwa, kwa nafasi zile tu ulizozijaribu. Sababu lazima itafutwe kwa akili: unganisha O na C. OA, OB na OC zote ni nusukipenyo cha duara moja. Hivyo pembetatu AOC na BOC kila moja ina pande mbili sawa, na pembe mbili za kitako chake ni sawa. Ita ile ya A p, na ile ya B q. Basi pembe nzima ya C ni p + q. Jumla ya pembe za pembetatu kubwa ABC ni 2p + 2q = 180, kwa hiyo p + q = 90. Kuburuta kumezaa swali. Mistari hii michache ndiyo inayolijibu. Mwalimu akiishia kwenye kuburuta, somo limekatwa katikati.

Pili, kitelezi kisicho na swali kinakuwa mchezo wa vidole. Tiba yake ni nyepesi: kabla hajagusa chochote, mwanafunzi aandike daftarini anachotabiri. Akishatabiri, ana kitu cha kutetea, na skrini inakuwa mwamuzi.

Mazingira yetu nayo yana masharti yake. Shule nyingi za sekondari haziruhusu simu kwa wanafunzi, na bando ni gharama. Lakini GeoGebra ikishapakuliwa kwenye kompyuta au simu hufanya kazi bila intaneti, na kompyuta moja ya mwalimu pamoja na projekta inatosha darasa zima, mradi anayeburuta awe mwanafunzi. Kuna faida nyingine kwa Tanzania, ambako hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza: mwanafunzi aliyeshindwa kuielewa sentensi ya kanuni kitabuni anaweza kuiona ikitenda, akaieleza kwa Kiswahili, ndipo akairudia sentensi ile akiwa anajua inasema nini.

Jambo la mwisho ni umiliki. Mwishoni mwa 2021 GeoGebra ilinunuliwa na BYJU'S, kampuni ya India ambayo mwaka 2024 iliingizwa katika mchakato wa kufilisika. Programu bado inapatikana, lakini mwalimu makini hupakua mapema anavyovihitaji na kuhifadhi faili zake mwenyewe.

Mwalimu, mtandaoni kuna zaidi ya kazi milioni moja zilizotengenezwa kwa GeoGebra. Usianze na milioni. Anza na duara moja, nukta tatu na swali moja: kwa nini pembe hii haibadiliki? Mwache mwanafunzi aburute, kisha mdai sababu.