Karai Lililomeza Benzeni

Walioifuatilia kazi ya kung'oa matangi kwenye kile kituo cha zamani cha mafuta jijini Dar es Salaam wanajua ilivyoishia: ripoti ikaja safi, benzeni "haikuonekana", malori yakapakia udongo. Ingeonekanaje na ilishafukuzwa? Ilifukuzwa mchana kweupe, mbele ya watu wazima wenye vizibao vya kung'aa, ndani ya karai.

Turudie tukio lenyewe. Mchukua sampuli anapanda lundo la udongo uliochimbwa, anakwangua udongo wa juu kwa mwiko sehemu nane, kila fungu analitia karaini. Kisha anakoroga. Anaponda mabonge, anatupa vijiwe, anakoroga tena kama anayesonga ugali, jua likiwa utosini. Hapo ndipo anajaza chupa ya mdomo mpana, anaifunga na kuizika kwenye barafu. Barafu ya nini sasa? Benzeni haisubiri ichemke kwa nyuzi 80 ndipo iondoke. Kila bonge likipasuka, nyingine inakwenda zake. Chupa ile ilihifadhi kwa uangalifu mkubwa kile ambacho hakikuwa na haja ya kuhifadhiwa.

Na kosa lilianza kabla ya karai. Lundo lililokaa wazi hadi turubai lilipoletwa limeshapigwa na upepo, na ganda la nje halikuambii kilichomo tumboni. Unachimba kwanza, nusu mita au zaidi, unapitisha kipima mvuke kwenye kuta za shimo, na pale namba inapopanda ndipo unachukua. Kipima mvuke kilikuwepo. Kilining'inia shingoni mwa msimamizi kutwa nzima. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtanivumilia, maana nimeshalilalamikia hili: kifaa hiki kwetu kimekuwa pambo la kupigia picha.

Njia sahihi si siri. Imo kwenye utaratibu namba 5035 wa mamlaka ya mazingira ya Marekani tangu miaka ya 1990. Unachukua bomba la sindano lililokatwa ncha, unalichoma kwenye udongo uliofunuliwa saa hiyohiyo, gramu 5 hivi, unausukuma moja kwa moja kwenye kichupa chenye metanoli, unafunga. Sekunde chache tu. Ukitaka wastani, jaza vichupa vingi, au maabara ichanganye metanoli za vichupa hivyo. Udongo wenyewe haukorogwi.

Mengine ya siku ile, yaani turubai, fomu za makabidhiano na sampuli rudufu, yalikuwa safi yote; kilichoharibika ni sampuli yenyewe.

Kwa metali, karai halina dhambi hiyo, kwani risasi hairuki hewani. Lakini lina nyingine. Chukua mafungu nane, moja lina miligramu 400 za risasi kwa kilo na saba yana 20 kila moja. Changanya, upate 67.5. Kipimo cha kuchuja cha TCLP hutumia kimiminika mara 20 ya uzito wa udongo, na kikomo chake cha risasi ni miligramu 5 kwa lita, kwa hiyo udongo wenye jumla ya risasi isiyofika miligramu 100 kwa kilo hauwezi kukivuka. Kwa 67.5 hakuna atakayekiagiza, na lile fungu la 400 linapanda lori bila kuulizwa. Kituo hiki kiliuza petroli yenye risasi miaka mingi kabla Afrika kusini mwa Sahara haijaachana nayo mwanzoni mwa 2006. Nani alilikumbuka hilo?

Pierre Gy, mtaalamu wa uchukuaji sampuli, angelikumbuka. Mfaransa huyo, akiwa kijana kwenye mgodi wa risasi wa M'Fouati, Kongo ya Wafaransa, miaka ya 1940, aliagizwa kutoka Paris akadirie kiwango cha madini katika lundo lililotelekezwa, lenye mawe ya tani kadhaa hadi vumbi. Hakukimbilia kijiko. Aliuliza kwanza achukue kiasi gani, kutoka wapi, kwa ukubwa gani wa vipande, na swali hilo likamshika maisha yake yote. Vijana wetu wana maabara zinazotoa tarakimu tatu baada ya nukta, na wanadhani usahihi unaanzia maabara.

Nusu ya lundo bado ipo uwanjani. Lichimbwe, sampuli zichukuliwe upya kwa metanoli, kila fungu lipimiwe risasi peke yake, na linalovuka 100 lipelekwe kwenye kipimo cha kuchuja kabla lori jingine halijawashwa. Gharama ailipe aliyeshika karai.