Chungwa lilikuwa la nani?

Wenzangu wahitimu, na ninyi wadogo wetu mungali masomoni: kuna kitabu kinachopita kati yetu mu fotokopi, mikono kwa mikono, zaidi kwa waliosoma sheria. Ni kile cha Roger Fisher na William Ury juu ya namna ya kujadiliana mpaka kufika ku mapatano. Kilitoka Marekani mwaka 1981, sisi tunakisoma mu Kifaransa. Mimi nilikipenda sana. Leo nakikosoa, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kitabu kinasema hivi: usigombane juu ya msimamo, tafuta haja iliyo nyuma ya msimamo. Mfano wake wote tunaujua. Dada wawili wanagombania chungwa, wanalikata nusu kwa nusu. Mmoja anakula nyama na kutupa ganda, mwingine anatupa nyama na kutia ganda mu keki. Kama wangeulizana, kila mmoja angepata yote aliyotaka. Kuna pia Camp David, 1978: Misri inataka Sinai yote, Israeli inataka usalama, Sinai inarudi kwa Misri, lakini sehemu kubwa yake haiingie majeshi mazito. Kweli inapendeza. Ukiwa na miaka 24 na diploma mpya, unajiona unaweza kupatanisha hata simba na mbuzi.

Basi, mama mudogo wangu alifiwa na bwana yake huko Walungu. Kiisha matanga, shemeji yake akasema shamba ni la ukoo. Mama akasema hapana, bwana yangu alitoa ng'ombe ya kalinzi yeye mwenyewe. Kwa wasiojua: mu Bushi, kalinzi ni ile malipo unamtolea shefu, ng'ombe kwa kawaida, na haki ya shamba inabaki kwako na kwa watoto wako. Si kama bwasa, ambayo ni kukodi tu kwa muda mfupi. Kwa hiyo swali la nani alitoa ile ng'ombe lilikuwa kila kitu. Na mashahidi wawili walikuwa wangali wazima.

Shemeji akasema kwa upole: « Tusiende ku tribinali, shemeji. Mambo ya nyumba tumalize mu nyumba. » Wazee wakaitika. Na mimi, mtoto wa masomo, nikaombwa nisaidie.

Nikafanya sawa vile kitabu kinafundisha. Nikasema tuache ya nyuma, tuangalie mbele, kila mtu aseme haja yake. Shemeji akasema anatafuta mahali pa kuuza, apate mahari ya kijana wake. Mama akasema: « Mimi nataka tu watoto wakule. » Nikaona chungwa! Sehemu ya juu, karibu na barabara, inauzika: ya shemeji. Sehemu ya chini, ku mteremko, inalimika: ya mama. Wakapiga makofi. Mama akatia kidole ku karatasi, tukakunywa kasiksi. Mashahidi wa kalinzi hakuna aliyewaita.

Kumbe ile sehemu ya barabara ndiyo ilikuwa mali. Ile ya mteremko, mvua inachukua udongo kila mwaka.

Hapo ndipo ugomvi wangu na Fisher na Ury. Wanatufundisha kuuliza haja, lakini haja ya mtu inapimwa na maisha aliyozoea. Mwenye nguvu ukimuuliza anataka nini, anataja kikubwa. Mjane ukimuuliza, anataja chakula, juu hakuna mtu alimwambia kwamba anaweza kutaja zaidi. Ukigawanya kufuatana na haja, kila mmoja anarudi na alichoomba, na dhuluma inapita ikiwa imevaa kravati. Ile hadithi ya dada wawili haiulizi chungwa lilikuwa la nani.

Nisiwaonee waandishi. Wanasema pia tutumie vipimo vya haki, na kati ya vipimo wanataja kile ambacho juji angeamua. Sura ya sita yote ni juu ya kufanya nini kama mwenzako anakushinda nguvu: jenga kwanza njia yako nyingine, ile utafuata kama mapatano yanakatala. Lakini ni sura ya sita! Inakuja kama nyongeza, na wengi wetu fotokopi zetu haziendi mbali hivyo. Kwetu ilipaswa kuwa ya kwanza.

Njia nyingine ya mama ilikuwako. Code ya familia ya 1987 inaweka watoto mu kikundi cha kwanza cha warithi, na inamuachia mjane haki ya kutumia nyumba na nusu ya mashamba yanayoizunguka. Nilikuwa nimefanya mtihani juu ya hiyo! Sijasema lazima tungeenda ku tribinali. Safari, avoka, miezi ya kungoja, tunajua. Lakini kama mama angeingia mu baraza akijua hiyo, na mashahidi wake wamekaa pembeni, angetaja haja ingine.

Kile ninachoendelea kukisifu ni kutenga mtu na shida. Mama na shemeji yake wanachota maji ku kisima kimoja, na hakuna hukumu itawahamisha. Baraza ya wazee inajua hiyo kuliko Harvard. Lakini kuna mambo ambayo hata wazee hawana ruhusa ya kuyagusa: mu Kivu, mtoto akibakwa, kuna jamaa zinazomaliza kwa mbuzi, wakati sheria za 2006 zinasema hata faini ya mapatano haizimi kesi kama hiyo. Hapo hakuna chungwa.

Mwezi uliopita nilipita Walungu. Ku barabara kuna msingi wa nyumba ya matofali. Mama mudogo alinipa chai, akaniuliza kama karatasi ile tuliyoandika inaweza kufunguliwa tena. Nimemwambia niko natafuta wale mashahidi. Mmoja amekufa.