Fidla ya Kidumbak na Uhakiki wa Karatasi

Sisi wanafunzi wa fasihi tukipewa wimbo, tunahesabu mizani, tunapanga vina, tunataja dhamira, kazi imekwisha. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kujifunza kupiga nyimbo za kidumbak kwa fidla.

Kidumbak cha Zanzibar ni ndugu wa taarab: fidla, sanduku la besi, ngoma mbili ndogo, cherewa na mkwasa. Hapo fidla ndiyo hubeba lahani pamoja na mwimbaji. Nilikwenda na nota nilizojiandikia. Mwalimu akazitazama, akacheka: "Ziweke hizo, mwanangu. Msikilize anayeimba." Kumbe kweli! Mwimbaji akirefusha silabi, fidla humfuata. Akivuta pumzi, fidla humjibu. Ngoma ikipamba moto, ubeti hurudiwa, na wimbo mwingine huunganishwa papo hapo bila kusimama. Tena shingo ya fidla haina mipaka ya sauti kama ya gitaa. Kidole huteleza mahali ambapo nota zangu hazikuwa na alama.

Basi nauliza: fani ya wimbo huu iko wapi? Wapo watakaosema fidla ni mambo ya watu wa muziki. Sikubali. Kama fidla na wachezaji ndio wanaoamua ubeti urudiwe au uachwe, huo ni muundo, na muundo ni kazi yetu. Sisemi mizani haina maana. Ila ni mifupa tu. Tunaohakiki nyimbo kwa karatasi peke yake tunahakiki nusu, halafu tunajipa alama zote.