Kona Isiyo na Pa Kushika

Mpanda miamba Lynn Hill ana kimo cha sentimita 157 hivi. Kila zikitajwa habari zake za El Capitan, ule mwamba wa Yosemite huko California, hawakosekani wanaosema vidole vyake vidogo ndivyo vilivyompandisha. Kuna ukweli, ila unaishia njiani.

Njia yenyewe inaitwa The Nose, ukuta wa karibu mita 900. Warren Harding na wenzake, walioifungua mwaka 1958, walipigilia vyuma mwambani na kujivuta navyo. Kupanda huru ni kazi nyingine: kamba ipo ya kumdaka aangukaye, lakini kupanda ni kwa mikono na miguu tu.

Kwenye Great Roof, chini ya paa la jiwe, kuna ufa mwembamba. Hapo nakubali, vidole vidogo ni mtaji. Lakini juu zaidi kuna Changing Corners: kuta mbili laini zimekutana, na pa kutia kidole karibu hapana. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Hill aliijaribu kona ile tena na tena mpaka akaielewa: viganja vinasukuma huku, nyayo kule, mgongo na nyonga vinageuka kidogo kidogo, kama watu wanaopitisha kitanda kwenye mlango mwembamba. Alicheza jimnastiki utotoni, na huko alijifunza kukata tendo gumu vipande vipande. Mwaka 1993, akiwa na mpandaji mwenzake Brooke Sandahl, alimaliza kwa siku nne. Hakuna mwanamume wala mwanamke aliyewahi kuipanda huru njia hiyo kabla yake.

Katika kitabu chake, *Climbing Free*, hafichi kisa cha Buoux, Ufaransa, mwaka 1989. Alianza kufunga fundo la kamba kiunoni, akashughulikia viatu, akasahau kulimalizia. Alipofika juu akaiegemea kamba ateremshwe, akaporomoka zaidi ya mita 20. Mti ukapunguza kishindo, kiwiko kikateguka. Wapo mashujaa ambao wangeruka ukurasa huo. Yeye anausimulia kwa umakini ule ule anaoipa kona, na kwangu huo nao ni ufundi.

Mwaka 1994 aliirudia The Nose, akatangulia yeye kwenye kamba mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa saa 23. Mtu wa pili kuipanda huru ndani ya siku moja, Tommy Caldwell, alipatikana mwaka 2005.