Mlango wa Pili wa Mnafiki

Neno "mnafiki" tunalitamka kila siku bila kuuona mchanga uliomo ndani yake. Watunga kamusi wa Kiarabu, akiwemo Ibn Manzur aliyeikamilisha Lisan al-Arab mwaka 1290, wanalihusisha na shimo la yarbuu, mnyama mdogo wa jamii ya panya ambaye hadi leo hutoka usiku kwenye matuta ya Dubai. Shimo hilo lina milango yenye majina. Kasiaa ndio mlango unaoonekana. Nafikaa hautoboki hadi nje: mnyama huchimba kutoka ndani mpaka karibu na uso wa ardhi, akaacha utando mwembamba wa udongo. Adui akimjia kwa kasiaa, yeye huupiga utando kwa kichwa, akatokea upande wa pili.

Istiara nyingi za tabia huazima mwili wa mnyama au mwenendo wake: kinyonga kwa rangi, fisi kwa ulafi. Hii imeazima nyumba. Wapo wataalamu wanaolirudisha neno kwenye Kigeezi cha Ethiopia, kwenye maana ya kugawanyika. Hata huko umbo ni la kitu kimoja chenye pande mbili.

Kiswahili nacho kikafanya lake. "Mu-" ya Kiarabu, alama ya mtendaji, ikaangukia kwenye ngeli ya watu, tukapata mnafiki, wanafiki, unafiki. Ving'oe viambishi: kinachobaki ni "-nafiki", hatua moja tu kutoka lile shimo. Mzizi huohuo, kwa njia ya maana ya matumizi ya nyumbani, umetupa pia "nafaka". Na yarbuu hula mbegu.

Ila shimo ni nusu tu ya umbo. Nusu nyingine imeandikwa juu ya mchanga, nayo husomwa alfajiri, kabla upepo haujaifuta, huko Al Marmoom au katika Hifadhi ya Jangwa ya Dubai, yenye kilomita za mraba 225. Nyayo za yarbuu zinakwenda kama mshororo: mbili, nafasi, mbili, nafasi. Miguu ya mbele haiandiki kitu. Ni mifupi, ya kuchimbia na kushikia chakula. Ya nyuma ni mirefu, ina vidole vitatu vyenye vinyweleo vinavyomzuia kuzama. Mkia, mrefu kuliko mwili na wenye kishungi cheusi na cheupe, humpa mizani hewani. Kisha, mahali alipomhisi mbweha, nafasi zinapanuka ghafla, nyayo zinakata kushoto, kulia, kulia tena. Hakuna kina kinachorudi, na uhai wake umo humo: mbweha anayekisia hatua inayofuata hushika mchanga mtupu.

Mlango wa pili ni mruko huohuo, ila umechimbwa. Ndiyo maana naona istiara imemdhulumu mnyama huyu. Mnafiki hula kwa kuaminiwa. Yarbuu hakumwahidi mbweha lolote. Hanywi maji, hutegemea unyevu wa chakula, na mchana huuziba mlango kwa mchanga ili joto lisiingie.

Nyayo nilizozifuata zilikoma kwenye kizibo kama hicho, mchanga wake ukiwa bado na rangi nzito ya unyevu. Nikazunguka polepole nikitafuta nafikaa. Pande zote ardhi ilikuwa imelala sawa, bila alama.