Kutoka Ngano hadi Tuzo: Uhakiki wa The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber

Mwaka 2018 Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa mwenye asili ya Kihadhrami, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya wachapishaji Graywolf wa Marekani. Mswada wake ulichapishwa mwaka 2021 kwa jina la The House of Rust, na Oktoba 2022 ukapata Tuzo ya Ursula K. Le Guin, nayo ikitolewa kwa mara ya kwanza, yenye thamani ya dola 25,000. Kwa hatua hizo, jumuiya ya waandishi na wasomaji wa fantasia na bunilizi za kisayansi ilimpokea kuwa mmoja wao. Linalobaki ni iwapo idara zetu za Kiswahili zina mahali pa kumweka.

Riwaya inamhusu Aisha, binti wa mvuvi aliyepotelea baharini. Anaondoka kumtafuta kwa chombo cha mifupa, akiongozana na paka msemaji, na kukabiliana na mazimwi matatu, akiwamo Baba wa Papa. Msomaji aliyelelewa kwa hadithi za pwani hahitaji nadharia ya fantasia kuyatambua haya. Mnyama anayesema, majaribu matatu, kijana anayevuka mpaka wa kwao: huo ni muundo wa ngano.

Hata hivyo, ngano ingeishia pale baba anapopatikana. Bajaber anamrudisha Aisha kwa bibi yake anayetaka aolewe, na hapo ndipo mgogoro mkubwa unapoanza, kwa kuwa zimwi hushindwa kwa ujanja, lakini mapenzi ya bibi hayashindwi hivyo. Kwa maoni ya mtafiti, hii ndiyo sehemu yenye uzito zaidi, japokuwa mwendo wake ni wa polepole na kunguru wasemao wamepewa nafasi kubwa mno.

Wanaoshikilia kwamba fasihi ya Kiswahili ni ile iliyoandikwa kwa Kiswahili pekee wataikataa kazi hii. Kigezo chao kinailinda lugha, na si cha kubezwa. Lakini hata kazi zinazokitimiza hatujazitendea haki. Walenisi (1995) ya Katama Mkangi inampeleka mhusika wake katika ulimwengu mwingine, nasi tumezoea kuisoma kama istiari ya siasa, safari yenyewe tukiipita haraka.

Kijana wa Mbagala au Tegeta anayesoma hadithi za mashetani na majini kwenye simu, ndani ya daladala, angeweza kuwa msomaji mzuri wa Bajaber. Kinachomzuia ni Kiingereza chenye mapambo mengi. Kwa hiyo kazi hii inahitaji tafsiri, na swali gumu ni Kiswahili kipi. Mhariri wa Dar es Salaam atavutwa na Kiswahili sanifu, lakini bibi wa Mvita akisema sanifu tupu atasikika kama mtangazaji wa redio. Mtafiti anapendekeza masimulizi yawe sanifu, mazungumzo ya nyumbani yawe ya Kimvita, na viumbe wa bahari wapewe lugha ya kale ya tenzi. Faharasa fupi itahitajika mwishoni mwa kitabu: Aisha akisemwa kwamba “ateka”, msomaji wa Temeke atadhani kuna mtu ametekwa, kumbe binti anacheka.